Kidole tumbo na CT pale dharura: mwongozo kamili kwa tunaofanya kazi Kusini

Fomu ya kuombea CT, picha ya mionzi inayouonyesha mwili kipande kwa kipande, ina nafasi ya maelezo ya mgonjwa, na mara nyingi pale huandikwa maneno matatu tu: maumivu ya tumbo. Mimi pia nimeyaandika sana. Siku moja nilimpeleka kijana mwembamba kwa fomu ya namna hiyo. Akapigwa picha bila kontrasti (dawa inayong'arisha viungo kwenye picha), vipande vinene, na majibu yakarudi: "Kidole tumbo hakionekani." Mashine ilifanya kazi yake, na mtu wa mionzi alifanya yake. Aliyekosea ni mimi niliyeomba picha bila kusema natafuta nini.

Haya ni maelezo kwa matabibu, madaktari, wauguzi na wataalamu wa mionzi wa Mtwara na Lindi, kuanzia mgonjwa anaposhushwa kwenye bodaboda mpaka anapoingia chumba cha upasuaji au kurudi kwake. Ukiwa na bingwa wa upasuaji karibu, neno lake liko juu ya langu.

Hatua ya kwanza: mkono kabla ya mashine

Tumfuate mgonjwa mmoja. Kijana wa miaka 19 kutoka Tandahimba, msimu wa korosho, saa nne usiku. Mama yake kamshika bega.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyu ana chango. Tumempa dawa ya mizizi, halafu zahanati wakampima malaria wakaiona, wakampa dawa mseto. Leo siku ya pili, na chakula hataki hata kukiona."

Neno chango usilikatae. Kwetu huku chango, ngiri na mshipa hutaja mahali panapouma kuliko kutaja ugonjwa. Lipokee, kisha uulize: maumivu yalianzia wapi, sasa yako wapi, na kipi kilitangulia, kuuma au kutapika? Kidole tumbo cha kawaida huanza kuuma kuzunguka kitovu, maumivu yasiyo na anwani, kwa sababu neva za utumbo zenyewe hazijui kuonyesha mahali. Baada ya saa kadhaa uvimbe hugusa utando unaofunika ukuta wa tumbo kwa ndani, na hapo mgonjwa ataweza kukuonyesha kwa kidole kimoja: kulia, chini. Kutapika huja baada ya kuuma. Kukitangulia kutapika na kuharisha, fikiria tumbo la kuambukiza kwanza, ingawa usifunge mlango.

Malaria nayo ina mtego wake. Mikoa yetu ina malaria nyingi, na wapo wanaobeba vimelea bila kuumwa. Tena mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, hutambua protini ya vimelea, ambayo huweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Kwa hiyo mRDT chanya inathibitisha kwamba mtu ana malaria au alikuwa nayo majuzi. Kidole tumbo chake haijakigusa. Mtibu malaria, na tumbo uendelee kulishika.

Sasa mlaze. Chora kwa macho mstari kutoka kitovuni hadi ncha ya mfupa wa nyonga ya kulia. Theluthi ya mstari huo kuanzia kwenye mfupa ndipo alipopaelekeza daktari McBurney mwaka 1889, na ndipo kidole chako kianzie, baada ya kubonyeza kwingine kwanza. Mwambie akohoe uangalie uso wake, si tumbo. Mgeuze alalie ubavu wa kushoto, uuvute mguu wa kulia kwa nyuma: ukimuuma, huenda kidole tumbo kimejificha nyuma ya utumbo mpana na kinagusa msuli wa kiuno. Kijana wetu alikunja uso hapo hapo. Alipobonyezwa mbele alilalamika kidogo tu.

Dawa ya maumivu mpe mapema. Ile hofu ya zamani kwamba mofini itaficha ugonjwa imeshapimwa na haikuthibitika. Mgonjwa aliyetulia anapimika vizuri zaidi kuliko anayekusukuma mkono.

Kisha hesabu alama za Alvarado za kupima uwezekano wa kidole tumbo, zilizotolewa mwaka 1986. Maumivu kuhamia kulia chini ni alama 1, kukosa hamu ya kula 1, kichefuchefu au kutapika 1, kuuma akibonyezwa kulia chini 2, kuuma mkono unapoachiwa ghafla 1, joto la 37.3 au zaidi 1, seli nyeupe zaidi ya 10,000 alama 2, na neutrofili (aina mojawapo ya seli nyeupe) kupanda 1. Jumla ni 10. Kijana wetu hakuwa na historia ya kuhama, seli nyeupe zilikuwa 9,400, lakini hakula, alitapika, aliumia alipobonyezwa kulia chini, alikuwa na joto la 37.8 na neutrofili zimepanda: alama 6. Mkojo wake ulikuwa na damu. Na Kusini, damu kwenye mkojo wa kijana ina maelezo yasiyopungua matatu: kichocho, jiwe, au kidole tumbo kilichovimba kinachochokoza mrija wa mkojo kando yake.

Hatua ya pili: nani aende CT, nani asiende

Alama 4 kushuka chini, uwezekano ni mdogo, usipige CT. Mchunguze tena baada ya saa chache. Hapa ongeza busara ya huku kwetu: kumwambia mtu wa mtaa wa pili "rudi kesho ikizidi" ni sawa, kumwambia hivyo aliyetoka Liwale wakati wa mvua ni kumtelekeza. Mlaze alale wodini, umbonyeze tena asubuhi. Kitanda cha usiku mmoja ni kipimo kizuri mno, na tunakidharau kwa sababu hakina waya.

Alama 5 hadi 8 ndiyo nyumba ya CT. Hapo ndipo picha inabadilisha uamuzi wako.

Alama 9 na 10 kwa kijana chini ya miaka 40, dalili zote zipo: miongozo ya kimataifa inakubali aende kwa daktari wa upasuaji bila picha. Na yule ambaye tumbo lake limekuwa gumu kama ubao, mapigo yanakimbia na presha inashuka, huyo hana deni la picha. Mpe dripu, antibiotiki, mwite wa upasuaji. Nimeona mgonjwa wa namna hii akipandishwa gari kwenda kutafuta CT mahali pengine wakati chumba cha upasuaji kilikuwa hatua 50 kutoka kitandani kwake.

Aliyevuka miaka 40, mimi humpiga picha hata alama zikiwa juu, kama hali yake inaruhusu. Kansa ya mwanzo wa utumbo mpana inaweza kuziba mlango wa kidole tumbo na kujifanya kidole tumbo.

Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa: UPT, kipimo cha mimba, kabla ya yote, hata akisema ana sindano ya uzazi wa mpango. Mimba iliyotunga nje ya kizazi upande wa kulia huua kwa saa chache, na altrasaundi ndiyo ya kwanza hapo. Altrasaundi ndiyo ya kwanza pia kwa mtoto na kwa mjamzito: kidole tumbo kilichovimba huonekana kama mrija usiobonyea wenye upana wa zaidi ya milimita 6. Altrasaundi isipoonyesha kitu kwa mjamzito, MRI, picha ya sumaku isiyo na mionzi, bila kontrasti ndiyo inayofuata panapopatikana. Isipopatikana na hali ni ya hatari, CT moja haikatazwi: mionzi inayomfikia mtoto tumboni iko chini ya kiwango kinachojulikana kuleta kasoro. Tumbo lililopasuka usaha linamdhuru mtoto huyo zaidi.

Hatua ya tatu: simu kabla ya gari

Kama CT haipo ulipo, usimpakie mgonjwa kwa matumaini. Kutoka Newala, Nachingwea au Kilwa unapiga simu na kuuliza: mashine inafanya kazi leo? Mtu wa mionzi yupo usiku huu? Kontrasti ipo? Picha itasomwa na nani, na lini? Na daktari wa upasuaji yupo hapo hapo ilipo mashine? Swali la mwisho ndilo linalosahaulika. Mpeleke mgonjwa mahali penye vyote viwili. Jibu likiwa "mashine ipo ila msomaji mpaka Jumatatu", basi wewe na altrasaundi yako na daktari wa upasuaji wa karibu mko mbele kuliko mnavyodhani.

Antibiotiki ianze kabla ya safari endapo umeshamshuku kwa nguvu: seftriaksoni gramu 1 hadi 2 na metronidazoli miligramu 500, kwa mshipa. Asile, awe na dripu, na barua ya rufaa iandike saa aliyopewa kila dawa.

Hatua ya nne: kuandika fomu

Hivi ndivyo fomu ya kijana wetu ilivyoandikwa:

"Mwanaume, miaka 19, mwembamba sana. Siku 2 za maumivu kiuno cha kulia na kulia chini, homa, Alvarado 6, damu kwenye mkojo, mRDT chanya. Je, kidole tumbo kimevimba? Kiko nyuma ya utumbo mpana? Kuna kijiwe ndani yake? Kimepasuka? Au ni jiwe la mrija wa mkojo?"

Neno "mwembamba sana" si pambo. Kwenye CT, mafuta ya tumboni hutenganisha kiungo na kiungo. Yanatokea meusi, na kila kitu kinachoelea ndani yake kinaonekana. Mtu mwenye kitambi ana picha rahisi kusoma. Vijana wetu wengi wanaopanda na kushuka mashamba ya mikorosho hawana mafuta hayo, utumbo umegandamana, na kidole tumbo kinapotea humo kama uzi mweupe juu ya shuka jeupe. Kwa mtu kama huyo kontrasti ya mshipa isikosekane na vipande viwe vyembamba. Hilo ndilo nililokosa kuliandika kwenye ile fomu ya mwanzo.

Hatua ya tano: kumwandaa

Kontrasti ya kunywa haihitajiki kwa wengi. Inakula saa moja au zaidi na mgonjwa anaitapika. Kontrasti ya mshipa ndiyo yenye faida. Mapitio ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, ya mwaka 2019 yaliweka uwezo wa CT wa kukamata ugonjwa kwenye asilimia 95 kwa jumla: 96 kwa kontrasti ya mshipa, 91 bila kontrasti. Ukiikosa kontrasti, picha bado ina thamani.

Weka kanyula (mrija wa mshipa) ya pinki kwenye kiwiko, si ile nyembamba ya bluu mgongoni mwa kiganja. Kontrasti inasukumwa kwa kasi, na mshipa mdogo ukipasuka inamwagika kwenye nyama. Kijana mwenye afya asiye na historia ya figo asicheleweshwe kwa kusubiri kreatinini, kipimo cha damu cha figo. Mzee, mwenye kisukari, mwenye presha au aliyekaukiwa maji apimwe. Uchujaji wa figo ukiwa chini ya mililita 30 kwa dakika, shauriana kwanza. Na kama mwenye figo dhaifu namna hiyo anatumia metformini, dawa ya kisukari, aisimamishe, arudie baada ya saa 48 figo zikiwa salama.

Pwani utasikia: "Daktari, mimi na kamba hatupatani, nikila navimba midomo, hiyo dawa ya ayodini sitaki." Mweleze kwamba mzio wa kamba na pweza unatokana na protini ya nyama yao. Ayodini haina lawama hapo. Anayekutia wasiwasi ni yule aliyewahi kupata shida kubwa kwa kontrasti yenyewe. Kwa vyovyote, adrenalini iwe chumbani humo, si kabatini wodini: miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja kwa mtu mzima, mara koo linapobana au presha inaposhuka.

Na mwambie mapema: utasikia joto linapita mwilini, ladha ya chuma mdomoni, na utadhani umejikojolea. Hujajikojolea. Asiyeambiwa hushtuka, hujisogeza, na picha inaharibika.

Hatua ya sita: kupiga

Hii ni kazi ya mtaalamu wa mionzi, nami nitapita haraka. Kontrasti kati ya mililita 80 na 100 kwa mtu mzima wa kawaida, picha moja tu sekunde 70 hivi baada ya kuanza kusukuma, kutoka juu ya ini mpaka chini ya kinena, vipande vya milimita 3 au pungufu, na mkato wa koronali (unaoutazama mwili kwa mbele) utengenezwe. Usipige kabla na baada ya kontrasti. Unamzidishia mionzi bila kupata jibu jipya.

Mionzi ya CT ya tumbo kwa kawaida huzunguka milisivati 8 hadi 10, wakati dunia yenyewe humpa mtu wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka. Inaweza kupunguzwa. Utafiti wa Korea Kusini uliochapishwa mwaka 2012 uliwagawa vijana 891 wenye shaka ya kidole tumbo, wengine wakapigwa kwa milisivati 8 na wengine 2. Waliopasuliwa kisha kidole tumbo kikakutwa kizima walikuwa asilimia 3.2 na 3.5, tofauti haina uzito. Kwa kuwa wagonjwa wetu wengi ni vijana, zungumza na mtu wa mionzi awe na mpangilio wa dozi ndogo tayari kwenye mashine.

Hatua ya saba: kusoma

Usiku mara nyingi ni wewe na skrini, na bingwa wa radiolojia yuko mbali. Jibu la mwisho ni lake. Lakini jifunze kukitafuta mwenyewe.

Weka dirisha la tumbo, yaani mpangilio wa weusi na weupe wa skrini: upana 400 na katikati 40. Anzia utumbo mpana wa kulia chini ya ini. Shuka nao kipande kwa kipande mpaka unapoishia kama kifuko: hiyo ni sikamu. Rudi juu kidogo utafute mahali utumbo mwembamba unapoingia. Pana midomo miwili yenye mafuta, ni rahisi kuitambua ukishaizoea. Kutoka hapo shuka sentimita 2 au 3 upande ule ule wa ndani. Mrija mwembamba unaoanzia hapo ndio wenyewe. Ufuate hadi mwisho wake. Narudia: hadi mwisho. Kuna kidole tumbo kinachovimba nchani tu, na ukiridhika na shina lake zuri umemruhusu mgonjwa arudi na usaha.

Kosa la pili ni kuufuata utumbo mwembamba ukidhani ndio. Namna ya kujua: kidole tumbo hakina njia ya kutokea upande wa pili, kinakomea. Ukiufuata mrija na ukajikuta unaingia kwenye mizunguko mingine ya utumbo, rudi mwanzo.

Ukishakishika, pima. Upana wa zaidi ya milimita 6 unatia shaka, ila usihukumu kwa namba hiyo peke yake. Vipo vyenye milimita 7 au 8, vimejaa hewa, na mwenye navyo ni mzima kabisa. Tazama mambo pamoja: ukuta mnene unaong'aa kwa kontrasti, ndani mmejaa maji bila hewa, na kubwa kuliko yote, mafuta yanayokizunguka yamechafuka, yana michirizi ya kijivu mahali palipopaswa kuwa peusi safi. Linganisha na mafuta ya upande wa kushoto. Kijiwe cha kinyesi huonekana cheupe kama punje ya chumvi.

Kisha uliza kama kimepasuka: hewa nje ya utumbo, kijiwe nje ya mrija, ukuta ulioachana, mkusanyiko wa usaha wenye ganda linalong'aa. Hewa kidogo itafute kwa dirisha la mapafu, kwenye dirisha la tumbo inajificha ndani ya weusi wa mafuta.

Kisipoonekana kabisa, lakini mafuta ni safi, hakuna maji, na sikamu ni ya kawaida, uwezekano wa ugonjwa unakuwa mdogo sana. Kwa mtu mwembamba mimi huongeza usiku mmoja wa kumwangalia.

Usifunge picha kabla ya kupita kwenye majirani. Ukuta wa kibofu wenye mstari mweupe wa chokaa ni kichocho cha siku nyingi. Utumbo mwembamba ulionenepa mwishoni mwake pamoja na tezi kubwa, fikiria homa ya matumbo. Penye hewa huru, huenda umetoboka. Sikamu iliyosinyaa na kuvutwa juu, tezi zenye katikati peusi na maji tumboni, fikiria kifua kikuu cha tumbo. Kwa mwanamke angalia ovari ya kulia. Jiwe la mrija wa mkojo fuatilia kutoka figo hadi kibofu.

Hatua ya nane: jibu likishatoka

Kilichovimba bila kupasuka: upasuaji, ndani ya saa 24. Matibabu ya antibiotiki peke yake yapo, na CT ndiyo inayochagua nani anafaa. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 uliohusisha watu wazima 1,552, asilimia 29 ya waliopewa antibiotiki waliishia kupasuliwa ndani ya siku 90. Wenye kijiwe walikuwa asilimia 41. Kwa hiyo ripoti isiyotaja kijiwe, kipo au hakipo, irudishwe. Na kwa anayeishi saa nyingi kutoka hospitali, mimi sishawishiki kumpa antibiotiki na kumwachia barabara.

Jipu lililojifunga: chini ya sentimita 3 antibiotiki mara nyingi hutosha, kubwa zaidi hutolewa usaha kwa sindano na mrija penye mtaalamu. Aliyevuka 40 akipona bila kupasuliwa, utumbo wake mpana uchunguzwe baadaye kwa sababu ya ile kansa niliyoitaja.

CT ikiwa safi na tumbo bado linauma, rudi kwenye mkono. Mbonyeze upya, pima tena FBP, picha kamili ya damu, baada ya saa 12. Picha ilikuwa ya saa ile tu.

Kijana wa Tandahimba alikuwa na kidole tumbo cha milimita 11 nyuma ya sikamu, kijiwe kwenye shina, mafuta yamechafuka hadi karibu na mrija wa mkojo, hakuna hewa nje. Kabla ya alfajiri kilikuwa kwenye bakuli la chuma, na muuguzi akakitoa mlangoni mama akione, kama ilivyo desturi.

"Hiki ndicho chango chenyewe?" aliuliza.

"Ndicho, mama."

Akataka apewe akakizike nyumbani. Nilimwomba atuachie kwanza kiende maabara, tujue kama kuna mayai ya kichocho ndani yake, maana kama yamo mwanawe ana dawa nyingine ya kumeza.